Maziwa ya Loisi na Sukari ya Lami

Dodoma, 9 Desemba 1915

Sukari imekwisha. Maduka ya Wahindi hayana, na hata mabwana hawana, kwa sababu Waingereza wameziba bahari na meli haziingii. Leo Bwana Daktari ametuletea chupa ya vidonge vyeupe vidogo, akasema kimoja kinatosha kikombe kizima. Vinaitwa sakarini. Nimesoma habari zake katika kitabu changu cha kemia cha Kijerumani: ni utamu unaotolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Hauna chakula ndani yake. Unaingia tumboni na kutoka kama ulivyoingia, bila kumpa mtu nguvu hata ya kuinua kijiko.

Nikamwambia Silvano, "Huu ndio utawala wa Wadachi, umesagwa ukatiwa chupani."

Akatazama mlangoni kwanza, kisha akacheka. "Mwalimu, maneno kama hayo uyaseme una tonge mdomoni. Wasikie nusu."

Naandika hapa ili nisiandike gazetini. Barua zangu za gazetini, juu ya maakida na kodi na viboko, zilinitoa shuleni Kondoa. Sasa mimi, Mwalimu Zaidi, niliyesoma Kiarabu na Kijerumani na kufundisha watoto wa watu miaka mingi, ni karani na mkalimani wa nyumba ya wagonjwa wa askari hapa karibu na stesheni. Silvano ndiye mwuguzi. Ni Mgogo wa Mvumi, alifundishwa kazi na Wazungu wa misheni kabla hawajakamatwa na kupelekwa Tabora. Ana miaka thelathini na mzaha usiokwisha. Wenzake wa misheni wamefungwa minyororo, naye anacheka. Mtu wa namna hiyo siwezi kumheshimu.

12 Desemba

Hakuna mvua. Vumbi limeingia hata ndani ya wino.

15 Desemba

Nimegombana na msimamizi wa stesheni juu ya jua na mwezi. Nimemshinda. Hakukubali kwamba ameshindwa.

Maziwa yetu yanaletwa na Loisi, mjane, kutoka tembe za upande wa magharibi. Serikali ilichukua madume yake yote kwa ajili ya nyama ya askari. Ikamwachia ng'ombe wa maziwa kwa sharti kwamba kila asubuhi alete vibuyu viwili. Kaka yake alichukuliwa upagazi mwaka jana, hajaonekana. Anafika, anasema "Mbukwa," salamu ya Wagogo, anamimina maziwa kidogo kiganjani na kuyanywa mbele yetu, ndipo anakabidhi kibuyu. Nilidhani ni desturi ya wanaoogopa. Silvano akaniambia ni adabu: kwao mleta maziwa huonja kwanza, mgeni asibaki na wasiwasi.

"Na mgeni akiwa ni mwizi wa madume yako?" nikauliza kwa sauti.

Loisi akanitazama. "Huyo ndiye wa kuonjewa zaidi, baba," akasema, akaondoka.

22 Desemba

Kuhara damu kumeingia. Wagonjwa wamejaa hadi barazani. Bwana Daktari ameagiza kwamba wenye kuhara wasipewe maziwa mazima, ila maji yake tu: maziwa yagandishwe, yachujwe kwa kitambaa chepesi cha shashi, maji yale ya kijani yanayotoka wapewe wagonjwa yakiwa ya moto, na yatiwe utamu ili wayapende. Mgando unaobaki ni wetu sisi wenye afya. Vidonge vinakaa kwenye kabati lake lenye kufuli. Anavitoa mara moja tu asubuhi, maziwa yanapofika, kwa hiyo ameagiza vitiwe humo humo kwenye maziwa mabichi, kabla hayajaganda.

Silvano anatia, anakoroga, anaonja. Hajaridhika. Anaongeza, anaonja tena, kama mwanamke anavyoonja chai ya maziwa ya arusi. "Sasa tamu," anasema, na kufunika sufuria.

Nimekula mgando mchana. Laini, una utamu wa mbali. Nimekula bakuli mbili, na nasema wazi kwamba sikufikiria wagonjwa.

27 Desemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia mpaka wodini. Wagonjwa wamegeuza nyuso zao madirishani.

3 Januari 1916

Wagonjwa wanakataa maji ya maziwa. Wanasema ni machungu. Bwana Daktari amekasirika: maziwa ya mwanamke yule yule, mgando wake tunaula sisi na kuusifu, uchungu utoke wapi? Anasema ni ukaidi wa askari. Hajayaonja. Ana homa, macho yake ni mekundu, na Wazungu wawili wanaomsaidia wameitwa mpakani. Siwezi kumpenda, lakini leo nimemwona akiwa ameshika ukuta ili asianguke.

8 Januari

Mvua. Mito yote kati ya hapa na Bahi imejaa, magari ya moshi yamechelewa.

11 Januari

Khamisi amekufa.

Alikuwa askari mzee, mtu wa Ujiji, ameshapigana vita vya watu wengine tangu ujana wake. Alikuwa akinipinga kila nikisoma gazeti kwa sauti, na alinipinga vizuri, nami nilimtafuta kila siku kwa ajili hiyo. Alikuwa amekauka. Silvano alimbembeleza anywe. "Baba, funga macho, fikiria asali." Alikunywa funda moja, akalirudisha. Kisha akanivuta mkono.

"Karani, mle mna mtu."

"Mna nani?"

"Sijui. Mwanzo anakuja kama mtoto, anacheka. Ukishammeza anageuka. Halafu hatoki." Akagusa koo. "Yumo hapa tangu juzi."

Hakunywa tena kitu mpaka alipokufa adhuhuri. Mtu mwenye kuhara ambaye hanywi hahitaji adui mwingine.

Baada ya maziko nilirudi kwenye sufuria, nikachota maji yale kwa kata, nikanywa. Mwanzo utamu, mwingi kuliko wa asali. Halafu, nyuma ya ulimi, uchungu kama wa shubiri, na mwisho kitu kama kutu. Nimekula ugali juu yake. Nimesukutua. Nimetafuna mkaa. Naandika sasa magharibi inaingia, na bado yumo.

12 Januari

Nimeamka naye.

14 Januari

Wamekufa wawili. Neno "sumu" limesemwa wodini. Nani alilianza sijui, lakini limekwenda kitanda kwa kitanda kama chawa. Mwanamke amenyang'anywa madume, amenyang'anywa kaka, na ndiye anayeleta maziwa. "Anaonja kwanza," nikasema. "Ndiyo," akajibu koplo mmoja, "anaonja cha juu. Sumu nzito hukaa chini." Nikamwita mpumbavu mbele ya wenzake. Haikusaidia chochote. Nimejifunza kumwita mtu mpumbavu katika lugha tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha upumbavu kwa sababu hiyo.

17 Januari

Wamemkamata Loisi. Alikuja na vibuyu vyake, akasema "Mbukwa," akamimina kiganjani, na kabla hajanywa koplo akampiga mkono. Maziwa yakamwagika kizingitini. Sitaisahau sauti yake. Si kilio, ni kama mtu aliyeona moto juu ya paa. "Mnamwaga!" alisema. "Mnamwaga maziwa!"

Kesi yake itasikilizwa na Bwana Shauri, hakimu wa boma, atakaporudi kutoka Kilimatinde. Wakati wa vita, sumu kwa askari ina hukumu moja, na mti wake uko nyuma ya boma, kila mtu anaujua. Watoto wake wamebaki na ng'ombe.

Nimekwenda kwa Bwana Daktari. Nimesema kwa Kijerumani, nimesimama wima, nimetaja haki. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wagonjwa wangu wanakufa, karani," akasema. "Niambie kwa nini, au toka."

Nilitoka. Lilikuwa jibu la haki kuliko hotuba yangu.

20 Januari

Mvua usiku na mchana. Shashi ya kuchujia imetundikwa kwenye msumari stoo na inadondoka. Nikiwa kwenye hesabu za blanketi nasikia: tone, kimya, tone. Najikuta nangoja sauti ya Khamisi ipinge.

24 Januari

Nimesoma sura nzima ya maziwa katika kitabu changu. Wadachi wameyapasua maziwa kama mchinjaji apasuavyo mbuzi: mafuta huku, maji huku, na kati yake kitu kinachogandamana na kuwa jibini, wanachokiita kaseini. Mimi nakiita nyama ya maziwa. Kitabu kinasema nyama hiyo hukamata vitu vingine na kuvishika.

Nikaenda stoo. "Silvano, ukiwa unaonja, unaonja nini?"

"Maziwa, Mwalimu. Au wataka nionje ukuta?"

"Na wagonjwa wanakunywa nini?"

Akafungua mdomo ajibu mzaha. Mzaha haukutoka. Kwa mara ya kwanza nikamwona uso wake ukiwa umetulia, na ulikuwa uso wa mtu mwingine.

26 Januari

Tumefanya jaribio, yeye na mimi, kwa maziwa ya ng'ombe wa Loisi yaliyoletwa na binti yake. Naandika kama lilivyokuwa.

Maziwa mabichi bila kidonge: yaligandishwa, yakachujwa. Maji yake hayana uchungu wowote. Basi ng'ombe, kibuyu na mwanamke wametoka hatiani hapo hapo.

Maziwa yenye vidonge kama alivyozoea kutia Silvano: yakiwa mabichi, matamu, hayana kasoro. Nilikunywa kikombe. Tukayachemsha, bado matamu, tulivu. Tukayagandisha na kuyachuja. Mgando ukawa na utamu wa mbali, ule ule nilioula. Maji yake yakawa na yule mtu wa Khamisi ndani. Silvano alitema, akashika ukuta. Tukayachemsha maji hayo machachu, kama agizo lilivyo. Utamu ukapungua, uchungu ukabaki umesimama peke yake.

Halafu, bila kujua natafuta nini, nikamimina maziwa mabichi kidogo kwenye yale maji machungu, nikakoroga, nikaonja. Uchungu ukashuka. Nikaongeza maziwa. Ukalala kabisa.

Hivi ndivyo ilivyo, na nitaisema mbele ya yeyote. Sakarini ina uchungu wake tangu kwa mama yake, lami. Ukiitia kwenye maziwa mazima, nyama ya maziwa inaukamata uchungu na kuushika chini, na hata motoni inaulinda utamu. Basi ulimi unadanganyika, unaongeza vidonge zaidi na zaidi. Kisha unachuja, nyama unaiweka kando kwa ajili ya wenye afya, na mgonjwa unampa maji yaliyobeba vidonge vyote bila mshikaji. Hakuna sumu. Hawakufa kwa vidonge. Walikufa kwa kuhara na kiu, kwa sababu kilichokuwa kinywaji chao hakikunyweka.

Na ni agizo la Bwana Daktari! Vidonge kabla ya kugandisha, ndilo agizo lake! Nimetembea uwanjani kwenye mvua nikicheka peke yangu. Miaka yote hii nimewatafuta Wadachi kwenye kosa lisilopingika, lenye ushahidi wa kuonjwa kwa ulimi, na sasa ninalo mkononi. Nitalisema barazani kwa Kijerumani na kwa Kiswahili. Watalisikia mpaka Kondoa.

29 Januari

Bwana Shauri amerudi. Baraza ni Jumanne.

30 Januari

Leo Silvano amenikuta stoo nikifanya mazoezi ya hotuba. Alikaa juu ya gunia akasikiliza mpaka nikamaliza. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nzuri," akasema. "Wadachi wamekwisha. Sasa niambie, Mwalimu, ukishamaliza, Bwana Daktari atafanya nini?"

"Ataaibika."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya askari wake wote."

"Mzungu ameaibika mbele ya askari, vita vinakuja, Waingereza wako mlango wa kaskazini. Halafu atasema, asante karani, mfungulieni huyo mama?" Akatikisa kichwa. "Atasema umeingiza dawa wewe na mimi. Mimi ni mtu wa misheni ya Waingereza. Wewe ni mtu wa barua. Watatutundika watatu, na Loisi wa kwanza."

"Ukweli ni ukweli."

"Ndiyo. Ila unaweza kuusema mpaka mahali fulani, ukakaa kimya."

Nikauliza mahali gani.

"Pale kwenye ulimi wangu. Sema yote, nyama ya maziwa, maji, vidonge, waonje wenyewe. Wakiuliza nani alitia vingi, sema Silvano alipima kwa ulimi wake. Usitaje agizo. Bwana Daktari anajua aliagiza nini. Akisikia hukulitaja, atajua umempa mlango, naye atapita."

"Huo ni uongo."

"Uongo gani? Nani alionja? Mimi. Nani aliongeza? Mimi."

"Na nani aliagiza vitiwe mle?"

"Huyo mwache."

Nilimwita mwoga. Nilimwita mtumwa wa Wazungu, aliyetoka kwa Wazungu hawa kwenda kwa wale na sasa anataka kuwafia. Nilisema mengi. Alisubiri nichoke, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Nina mama tu," akasema. "Loisi ana watoto wanne. Na mimi ndiye niliyembembeleza Khamisi anywe, si wewe." Akainuka. Mlangoni akageuka, mzaha ukamrudia. "Halafu, Mwalimu, hiyo hotuba ni ndefu mno. Bwana Shauri atalala."

31 Januari

Sijalala.

1 Februari

Baraza. Jua limetoka baada ya mvua nyingi, uwanja wa boma unang'aa kwa madimbwi. Loisi alikalishwa chini, minyororo mguuni. Niliweka vikombe mezani. Nilisema kwa ufupi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Bwana Shauri alionja maziwa, akasema mazuri. Akaonja maji yake, akayatema kwenye leso. Koplo aliyeanza habari ya sumu nzito aliamriwa anywe, akanywa, uso ukamkunjamana hata askari wakacheka. Nikamimina maziwa mabichi kwenye kikombe kile kile. "Onja tena." Akaonja kwa woga, akatazama kikombe, akaonja tena. "Ameondoka," akasema. "Bwana, ameondoka." Hakusema uchungu umeondoka. Alisema ameondoka.

"Kwa hiyo hakuna sumu," akasema Bwana Shauri. "Ni vidonge. Nani alivitia namna hii?"

Nikamgeukia Bwana Daktari. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti, jasho linamtoka, na macho yake yalikuwa kwangu. Alijua kwamba najua. Sentensi ilikuwa tayari kinywani, kwa Kijerumani, imenyooka, nimeipiga msasa siku nyingi. Loisi naye alikuwa ananitazama, kwa mkono ule aliopigwa ameshika kifundo cha mguu.

"Mwuguzi Silvano," nikasema. "Alipima kwa ulimi."

Bwana Daktari akashusha pumzi. Nilimsikia.

Loisi akafunguliwa. Silvano akahukumiwa viboko hamsa ishirini, kisha kupelekwa upagazi kusini. Alivua kanzu yake ya kazi, akaikunja vizuri, akampa mtu amshikie, kama anayekwenda kuoga. Nilibaki. Niliona ni lazima nibaki. Alipoinuka alinitafuta kwa macho, nami nilidhani atasema mzaha. Akaomba kanzu yake tu.

2 Februari

Bwana Daktari amebadilisha agizo. Vidonge havitiwi tena kwenye maziwa. Maji yanatoka safi, wagonjwa wanakunywa.

Asubuhi alinipa mkono. Hajawahi.

5 Februari

Msafara wa wapagazi umeondoka na mvua. Sikuweza kumwona Silvano kati yao. Wote wamefunika vichwa kwa majani na magunia.

18 Februari

Wamepona saba. Hakuna aliyekufa wiki hii. Ni jambo jema na naliandika.

Uchungu haujatoka kinywani. Sijagusa kidonge tangu siku ya baraza, na kila asubuhi yumo. Bwana Daktari ananiambia ni ini. Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko yeye, na najua si ini.

2 Machi

Mwuguzi mpya ni mpole na hacheki. Stoo, mchana, nikiwa peke yangu, nasikia mtu akisema nyuma ya magunia: "Ndefu mno." Nageuka. Ni mvua kwenye bati.

Nimeanza kuandika barua kwa gazeti, juu ya agizo lile. Nimeandika kurasa sita. Kisha nikakumbuka kwamba Loisi yuko huru kwa sababu ya jambo moja tu, na jambo hilo ni mimi kunyamaza. Siku Bwana Daktari akiona ametajwa, kikombe kitarudi mezani na mwanamke atarudi chini. Nimezitia kurasa motoni. Zilikuwa nzuri.

19 Machi

Loisi bado analeta maziwa. Anamimina kiganjani kama zamani, na askari sasa wanamwamkia kwa adabu. Leo nilimsaidia kubeba vibuyu vitupu mpaka njiani. Nilidhani atanishukuru. Niseme kweli, nilikuwa namsubiri anishukuru tangu Februari.

"Watu wa Mvumi wanasema Silvano alitia askari sumu," akasema. "Mama yake haitikiwi kisimani."

"Nani kawaambia upuuzi huo?"

"Wewe, Mwalimu. Barazani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale chini."

Nikamweleza. Sijamweleza mtu mwingine, ila huyu alistahili kujua uhai wake umeshikiliwa na nini. Alisikiliza akiwa ametazama njia. Alihamisha vibuyu bega hadi bega.

"Basi mimi siwezi kwenda kwa mama yule," akasema. "Nikimwambia nini? Niko hai kwa mgongo wa mwanao? Nenda wewe. Una maneno."

2 Aprili

Mvua zinapungua. Nimeomba ruhusa, nimeambiwa nisubiri.

14 Aprili, Mvumi

Nimepata ruhusa, nimetembea tangu alfajiri ya jana. Uwele umesimama juu kuliko mtu pande zote za njia, masuke yamejaa, na makundi ya ndege yanashuka juu yake kama moshi unaorudi chini. Mashambani kote watu wako juu ya vichanja, wanapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Mwaka huu wanaume ni wachache. Sauti nyingi ni za wanawake na wazee.

Mama yake Silvano anaitwa Emilia. Ni mwembamba, mrefu, na ana uso ule ule uliotulia niliouona stoo mara moja. Nilimkuta chini ya kichanja chake, sauti imemkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa boma?"

"Mimi ni Zaidi. Nilifanya kazi na Silvano."

"Ah. Mwalimu mwenye kelele." Akanikaribisha kwa mkono nikae juu ya jiwe. "Alikuwa anakuigiza. Tulicheka sana hapa."

Nikamwambia yote. Nilisema polepole, kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Vidonge, maziwa, nyama na maji, agizo, mti nyuma ya boma, na gunia alilokalia mwanawe siku ile. Mara mbili alinyanyua mkono ninyamaze, akawapigia ndege kelele kwa sauti yake iliyokatika, kisha akanigeukia: "Endelea."

Nilipomaliza aliokota suke lililoanguka.

"Kwa hiyo hakukosa."

"Alikosa kama tulivyokosa wote. Hakutia sumu."

"Basi wewe ndiye wa kusema." Akainuka, akanishika mkono kwa nguvu niliyokuwa siitegemei. "Twende kisimani. Saa hizi wamejaa pale. Ukaseme kwa hiyo sauti aliyonisimulia, wasikie mpaka Buigiri. Twende, baba."

Sikuinuka. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kukaa juu ya jiwe lile.

"Mama, nikisema kisimani, wiki ijayo itakuwa bomani. Watamrudia Loisi."

Aliendelea kushika mkono wangu. Nikaona anapima: mwanawe huku, mwanamke asiyemjua huku. Alipima muda mrefu. Kisha vidole vikalegea, kimoja kimoja.

"Na mimi ninyamaze?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Wadachi waondoke."

"Na Silvano akirudi kabla yao?"

Ndege walishuka upande wa pili wa shamba, wengi, uwele ukainama kwa uzito wao. Aliwatazama. Akajaribu kupiga kelele, sauti ikagoma.

"Panda," akaniambia.

"Wapi?"

"Kichanjani. Kelele unazo, na mimi sina tena. Panda."

Nikapanda, na makaratasi yangu mfukoni na viatu vyangu vya ukarani. Mtoto hakuwepo wa kunifundisha kombeo, nikatumia mdomo tu. Nilipiga kelele mpaka ndege wakainuka, wakazunguka, wakashuka kwa jirani. Nikasikia jirani naye akiwafukuza kurudi kwetu.

Jioni wanawake wawili walipita njiani na mitungi. Mmoja akasimama, akanitazama juu, akamtazama Emilia aliyekuwa akiokota masuke yaliyoanguka. "Mama wa mtia sumu amepata mlinzi," akamwambia mwenzake, si kwa siri. Emilia hakuinua kichwa. Ila mikono yake ilisimama, nami nilijua anasikiliza nitafanya nini.

Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nikageukia shamba, nikawapigia ndege kelele kwa nguvu zangu zote, maneno yasiyo maneno, na sikunyamaza mpaka wale wanawake walipopotea kwenye uwele.

Nimemwambia Emilia nitakaa mpaka mavuno. Amesema kesho ndege watakuja mapema kuliko jua.